Hodi ya Koki

Mganga hajigangi, walisema wahenga, na mimi nimeolewa na ushahidi. Mume wangu amekuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na minane. Hakuna sinki mtaani kwetu ambalo hajaingiza kichwa chini yake. Watu hawamwiti jina, wanamwita Fundi, na mimi mwenyewe nimeshazoea. Na ndani ya nyumba ya mtu huyo, kwa wiki mbili nzima, kulikuwa na mvujo mmoja ambao spana zake zote hazikuuweza. Mvujo wenyewe ulikuwa na miguu minne na mkia.

Lakini nianze mwanzo, maana nikiwa na hasira huwa naanzia katikati.

Mwaka jana goti lake la kulia liligoma. Daktari akasema habari ya kuchuchumaa chini ya masinki basi, imekwisha. Fundi akatundika ovaroli yake ya bluu kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, akahamia kwenye kiti cha dirishani. Mwezi wa kwanza tukamfurahia. Mwezi wa pili akaanza kulifungua bomba letu la jikoni, ambalo halikuwa na ubaya wowote. Alilifungua na kulifunga mara nne, mara ya tano likaanza kuvuja kweli, nadhani kwa kuchoshwa. Mwezi wa tatu akanyamaza.

Na nyumba yetu si nyumba ya mtu kunyamaza. Binti yetu ni nesi, zamu zake hazina kichwa wala miguu. Wanawe mapacha wana miaka saba na sauti za watu sabini. Shemeji yangu kinyozi, mdogo wake Fundi, anakaa chumba cha uani na hawezi kuoga bila kuimba. Mimi nashona, na sebule ndiyo karakana yangu: vyerehani viwili, meza ya kukatia, kioo kirefu, na vitambaa mpaka juu ya makochi. Wateja wanaingia kutwa kucha kwa mlango wa mbele. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Kuna siku naitikia karibu hata redio ikikwaruza.

Sasa sikia kilichoniuma. Siku moja nampima mteja kiuno, nikasikia hodi, ya chini chini, kwenye mlango wa korido unaotoka vyumbani. Nikaitikia karibu bila kugeuka. Aliyeingia alikuwa mume wangu. Alikuwa anatafuta miwani yake. Mwanamume anapiga hodi kuingia sebuleni kwake! Nilicheka kwa sababu mteja alicheka, lakini alipoondoka nilikaa kwenye cherehani na sikushona kitu. Tangu siku hiyo akawa anapiga hodi kila mara. Ningemwambia aache, ila kweli mle ndani mara nyingi kuna mama wa watu ameshavua gauni anapimwa. Basi nikanyamaza na mimi.

Ndipo akaja Koki.

Alikuja ndani ya mfuko wa spana, kichwa nje, masikio yamelala. Fundi alimtoa kwa mlinzi wa ghala la saruji, ambaye mbwa wake alizaa sita. Koki ni kile kitu kinachofunga maji kwenye bomba, na Fundi alisema amempa jina hilo kwa sababu kijibwa ni kitulivu. Hajamaliza kusema, kitulivu kikalowesha kiatu chake.

Nikamwambia mume wangu hapana. Nikamwambia mimi nakata vitambaa sakafuni, vitambaa vya watu, na sakafu yangu siyo choo cha mnyama. Aliniacha niseme yote. Kisha akasema, "Nipe wiki mbili, mama. Nitamfundisha."

Kulikuwa na kitu machoni mwake ambacho sikuwa nimekiona tangu goti ligome. Nikamkatia wiki mbili, nikaweka na sharti: Jumamosi ya pili, kama Koki bado anavujia ndani, mlinzi wa ghala anamchukua. Mlinzi mwenyewe alikubali, alisema ghalani kuna panya wa kumtosha.

Kesho yake asubuhi nikamkuta jikoni amevaa ovaroli. Sikusema neno, niliogopa ataivua.

Haki ya Mungu, alimfundisha. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na yeye alimkunja kwa zamu kama binti yetu hospitalini: akiamka, akila, akimaliza kucheza, kabla ya kulala. Alimbeba mpaka mlango wa jikoni, akasimama naye, goti linalia, wakatoka uani hadi kwenye mchanga nyuma ya tangi la maji. Na Koki alikojoa pale pale, bila kukosea. Fundi akamsifu, akampa kipande cha mkate, akarudi ndani anatembea kifua mbele.

Sasa mwenzangu, kwa Fundi alikuwa malaika, kwetu sisi alikuwa shetani. Mapacha walimtoa uani wakakaa naye saa nzima, akakimbiza kuku wa jirani, akalala juani, hakutoa hata tone. Akarudi ndani, kidogo tu, dimbwi sebuleni. Shemeji alimtoa, akamwimbia kabisa, bure. Binti alimtoa akitoka kazini amechoka, akamsubiri mpaka akasinzia amesimama. Aliporudi naye ndani, mteja mmoja akaingia, na Koki akamwaga chini ya cherehani yangu.

Kila mtu akawa na dawa yake. Shemeji alisema asuguliwe pua kwenye mkojo. Fundi akamwambia kama ndivyo, na yeye tumsugue pua kwenye nywele anazoacha bafuni. Mapacha walisema avalishwe nepi. Binti alisema huenda kibofu kina ugonjwa. Mimi nilikuwa na jibu langu, na niliamini kama ninavyoamini jua: mbwa yule alikuwa na kinyongo na kazi yangu. Kwani alikojolea wapi? Sebuleni. Lini? Wateja wanapoingia. Alinyunyiza mbele ya mwalimu mkuu aliyeleta sare, mbele ya dada wa benki, mbele ya mzee wa watu aliyekuja kupunguziwa suruali tu. Anaweza kulala juu ya vipande vya vitambaa asubuhi nzima, mtulivu, mkavu. Mteja akifika, anainuka, anazunguka, anachuchumaa.

"Bomba jipya hutema hewa kwanza," Fundi aliniambia. Nikamjibu kwamba hili halitemi hewa.

Ijumaa ya mwisho ilifika na mapazia. Mama mwenye nyumba ya wageni aliniagiza mapazia ishirini na mawili, meupe, yenye marinda juu, na nilikuwa nimeyapiga pasi yote na kuyapanga sakafuni juu ya shuka safi. Akapiga hodi. Nikamwitikia karibu kwa furaha, maana kazi ilikuwa imependeza mpaka nikajipenda. Nikamfungulia mlango. Yeye akaangalia chini, nami nikaangalia chini, na Koki alikuwa katikati ya pazia la juu, anamaliza.

Yule mama alichukua ishirini na moja, na hakuaga.

Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno pia. Niliyamwaga yote. Nilisema mbwa anaondoka kesho, na nikasema na mengine, kwamba mimi ndiye ninayefanya kazi nyumba hii, na wengine wanacheza na wanyama. Nililisema hilo mbele ya shemeji na mapacha. Ninalikumbuka kila siku.

Fundi hakugombana. Ningependa agombane. Alimwokota Koki, akaenda jikoni, na nilipopita baadaye nikaona ovaroli imerudi kwenye msumari wake, imekunjwa vizuri, mikono ndani.

Jumamosi asubuhi alikaa sebuleni kwenye kochi, Koki mapajani, mfuko wa spana miguuni. Ndani ya mfuko alikuwa ameweka bakuli la Koki, kipande cha mkate, na soksi yake moja kuukuu ambayo Koki alipenda kuitafuna. Mapacha walikuwa wamekaa sakafuni wanalia kimya kimya, kitu ambacho sikujua wanakiweza. Mimi nilijifanya nakata. Nilikuwa nakata hewa. Nilitaka kusema samahani, lakini mdomo wangu unajua kwenda mbele tu, kurudi nyuma haujafundishwa.

"Hodi," akaita mlinzi wa ghala, nje.

Koki akaruka kutoka mapajani. Akakimbia, lakini siyo kwa mlinzi. Alikimbilia mlango wa korido, ule wa kwenda jikoni na uani. Ulikuwa umefungwa. Akaukwaruza mara moja, mbili, akageuka akamtazama Fundi kama anayeomba msaada, akachuchumaa.

Shemeji akasema umeona, hata siku ya kuondoka. Lakini mimi mkasi ulinisimama mkononi. Mbwa mwenye kinyongo hakimbilii mlango.

"Fundi," nikamwambia, "ukimtoa uani, unamwambiaje?"

"Simwambii kitu."

"Fikiria."

Akafikiria. "Nagonga mlango kidogo, nasema hodi. Ndiyo nafungua." Akaona tunamtazama. "Si mlango? Miaka thelathini na minane sijapita mlango bila hodi."

Nikaweka mkasi chini. Nikatoka nje, nikamwomba mlinzi radhi, nikamwambia asogee hatua tatu arudie. Alidhani nimepata wazimu, lakini ni mtu mstaarabu. Akapiga hodi. Koki, maskini, ambaye hakuwa amebakiwa na kitu, akachuchumaa akakamua tone moja. Nikamwambia tena. Hodi. Koki akachuchumaa akatutazama kama mtu anayedaiwa na hana. Mara ya nne mapacha wakaanza kupiga hodi wenyewe, kwa zamu, na mnyama wa Mungu akawa anachuchumaa na kuinuka, anachuchumaa na kuinuka, mpaka nikawafokea waache.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mbwa hakukosea hata siku moja. Wiki mbili zote alikuwa ndiye mtiifu kuliko sisi wote. Mapacha walimtoa bila hodi, akangoja aambiwe. Shemeji alimwimbia, akangoja aambiwe. Kisha akarudi sebuleni, katika nyumba ambayo neno hilo linasemwa mara thelathini kwa siku, na kila aliposikia akajitahidi kwa uwezo wake wote. Na hakuna mmoja wetu aliyelisikia, maana hodi kwetu ni kama kupumua.

Fundi alianza kucheka. Alianza na mabega, kisha tumbo, kisha akashika goti lake bovu akaliapiza huku anacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu mwaka jana, na nilijikuta nalia mbele ya mlinzi wa ghala, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni na hajui kama amekaribishwa.

Alipopata habari yote, mlinzi alisema mbwa wa namna hiyo hamtaki, ghalani watu wanapiga hodi kutwa. Akanywa chai akaenda zake.

Fundi akasema atamfundisha Koki neno jingine, anahitaji mwezi hivi. Akaenda jikoni, akachukua ovaroli msumarini, akaivaa, wakatoka uani pamoja. Mimi nikabaki na pazia moja la watu lenye doa, na mawazo.

Wanangu niliwafundisha hodi kabla ya kuwafundisha kutembea. Mtu anayeingia bila hodi nyumbani kwangu nilikuwa namrudisha nje akaanze upya, hata awe na nguo ya harusi mkononi. Nikachukua chaki ya kukatia, nikaandika kwenye mlango wa mbele kwa herufi kubwa: INGIA BILA HODI. Mkono ulikuwa mzito, lakini niliandika. Kisha nikalifua lile pazia, na lilipokauka nikalipitisha kamba, nikalitundika pembeni mwa sebule mbele ya kioo kirefu. Wanawake wavue nguo huko ndani, wapimwe huko. Doa halikutoka lote, nililiweka upande wa ukutani.

Nikarudi tena na chaki, nikafungua mlango wa korido, nikaandika upande wa pili maneno yale yale.

Jioni nikasikia hatua zake, ile moja nzito na ile nyingine nyepesi, na kucha ndogo nyuma yake. Zikasimama. Nikamsikia anakohoa, kama mtu ambaye neno limefika mdomoni na halina ruhusa ya kutoka. Nikaendelea kushona, nikawa nashona mahali ambapo palikwisha kushonwa.

"Mama," akasema nyuma ya mlango, "haya maandishi ya huku ni ya wateja?"

"Wateja wana yao kule mbele," nikamwambia. "Hayo ni yako."

Kitasa kikazunguka, akaingia. Alivuka sebule nzima mbele ya mwalimu mkuu aliyekuja kuchukua sare, akamsalimia, akakaa kwenye kochi, juu ya vitambaa nilivyovikata mchana kutwa. Koki akalala miguuni pake, mkavu. Nikamwacha avikalie.