Makofi ya Bondeni

Juzi, baiskeli za mashindano zilipopanda kilima cha mtaa wa Observatory, hapa Bondeni, nilikumbuka harufu ya mafuta ya nywele katika saluni ya mama, kule mtaa wa Bertrams. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, televisheni ya saluni ilionyesha Ufaransa: mto wa kijani, vijiji vya mawe, na baiskeli nyingi ajabu zikipita kando ya maji. Wanakijiji waliwapigia waendeshaji makofi, wakawapa maji.

"Mama, wanakimbia vita gani?" niliuliza, maana baba alikimbia vita kwetu Uvira hivyohivyo, kwa baiskeli.

Vidole vya mama vilisimama kwenye msuko wa mteja. "Hakuna vita, mtoto wangu. Wanashindana tu."

"Na baba, walimpigia makofi?"

"Walifunga milango."

Juzi, wa mwisho kupanda alikuwa mzee mwenye mvi, akihema. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikauma.