Maganda ya Shaba ya Clairwood

Mwaka ule ni ule ambao sombe, kisamvu chetu, ilikuwa bado haijafika Durban. Wenzangu mliokuwepo mnaujua. Tulikuwa tunachuma majani ya maboga nyuma ya flati za Umbilo, tunayatwanga ndani ya ndoo ya rangi kwa mti wa ufagio, tunatia siagi ya karanga ya dukani, halafu tunatazamana usoni na kusema hii ni sombe. Mawese hakuna. Ndagala, wale dagaa wetu, hakuna, mpaka mtu ashuke kutoka Lusaka na mfuko ameuficha chini ya nguo, harufu imemtangulia. Tulikula miguu na vichwa vya kuku. Siku ya Jumapili tulinunua ule mkate wa Wahindi, nusu mkate umechimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage, tunakula watu watatu, kila mtu anachimba upande wake, na wa kwanza kufika chini kwenye mkate uliolowa ndiye mshindi.

Leo wajukuu wananiambia, Koko, sombe iko kwenye friza, imeshatwangwa. Imeshatwangwa. Mtoto wa Kikongo wa leo ukimwonyesha kinu anakikalia.

Mwaka huohuo nilipata kazi ya kwanza. Mama Odette, Mrundi tuliyekuwa tunasali naye, ndiye aliyenipeleka. Aliniambia ni kazi ya kufagia, basi. Tukashuka taxi pale Clairwood, tukavuka robot, ndizo taa za barabarani, tukapita katikati ya magari makubwa ya kontena, tukaingia ghala moja lisilo na dirisha. Nikasikia ile sauti. Nililala kifudifudi hapohapo kwenye simenti, mkoba kichwani. Mama Odette alinisimamisha, akanipangusa sketi kama mtoto, akaniambia hakuna vita, wanacheza.

"Weye, hawa watu wanalipa pesa ili wasikie kelele ambayo sisi tuliikimbia," alisema.

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Ndivyo tulivyokuwa tunacheka mwaka ule, kicheko kinaishia pabaya.

Mahali penyewe palikuwa pa kupigia shabaha, ndani kwa ndani. Wapigaji walisimama kwenye vibanda kama vya kupigia simu, masikio wameyafunika, na mbele yao kumening'inia karatasi yenye duara. Wakimaliza wanabonyeza kitu, karatasi inarudi kwenye waya kama nguo inayovutwa kwenye kamba, wanahesabu matundu. Kila Jumamosi walikutana wenyewe kwa wenyewe, wazungu na Wahindi, waume kwa wake, na chupa za chai, na sambusa, na mito ya kukalia. Watu wazima wenye magari mazuri wanatoka mbali kuja kuipiga karatasi ambayo haikuwakosea kitu. Nyuma yao mimi na fagio pana, ninakusanya maganda ya risasi yaliyotapakaa chini, maana hawakuyatupa. Waliyapeleka nyumbani, wakayajaza upya.

Na hapo kwenye maganda ndipo utoto wangu ulinikuta.

Mimi ni mtu wa milima ya Itombwe, wa kwanza kati ya wasichana wanne. Papa hakuwa na mtoto wa kiume na hakulilia. Alikuwa mwindaji, ana bunduki moja ya mtutu mmoja, kitako chake amekifunga waya. Maganda ya shaba yalikuwa machache, basi kila ganda lilijazwa upya, mara nyingi mpaka linachoka. Kazi ya kuyachagua ilikuwa yangu. Nilikaa kwenye mkeka mchana nikitoka masomo, maganda kwenye ungo, ninayasugua kwa majivu, halafu ninayagonga moja moja kwa msumari na kusikiliza. Ganda zima linaimba. Lililopata ufa sauti yake inakufa palepale. Papa alikuwa akipita nyuma yangu ananiambia, "Usilitazame. Macho yanakubembeleza. Lisikilize."

Wenzangu walikuwa wanaruka kamba, wanapiga mpira wa majani ya migomba, mimi niko na ungo wangu. Sikuona wivu. Nilijiona mkubwa. Masomo niliyaachia mwaka wa nne, mwalimu alikuwa anatupiga fimbo za miguu kwa sababu ya Kifaransa na Kifaransa hakikuingia. Hesabu nilijifunzia kwa Papa. Risasi tatu kwa wiki. Ukikosa moja, tunakula mboga ya lengalenga na viazi bila nyama, na nyumba nzima inajua nani amekosa. Nilipofika miaka kumi alinipa bunduki mkononi. "Toa pumzi yote kwanza," aliniambia. "Ukibaki mtupu, ndipo uvute." Nilivuta. Kwale akaanguka. Papa hakunisifu, aliuliza tu nani atamnyonyoa, akaenda zake, lakini usiku nilimsikia anamweleza mama yangu mara tatu ile habari moja, na kila mara kwale anakwenda mbali zaidi.

Nilikuwa napiga kuliko wavulana wa kijiji kizima. Nasema bila haya, maana wenye kuweza kunibishia wengi wamekwisha kufa. Wasichana wa leo wakiona mende wanapanda juu ya kiti na kumpigia simu mume.

Basi kule Clairwood mikono yangu ilinisema. Kulikuwa na mzee mmoja wa ile klabu, Mhindi mwenye miwani minene, wote tulimwita Anko Siva. Macho yake yalikuwa yamechoka, alikuwa anayaleta maganda karibu na pua kutafuta nyufa. Siku moja nilikuwa ninapanga ndoo karibu naye, bila kufikiri nikaanza kuyadondosha juu ya meza ya chuma, moja moja, zima huku, bovu kule, ninatazama ukutani. Nilipomaliza nikaona ameacha kazi yake ananitazama. Akachukua yale mabovu akayakagua chini ya taa. Yote yalikuwa na ufa. Akaniuliza nani alinifundisha. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nikamwambia, baba yangu.

Tangu siku ile akawa ananiletea sambusa kwenye karatasi, tunakaa pamoja, ninamsikilizia maganda. Nilimweleza habari za Papa, na kwale, na risasi tatu. Binti yangu Neema, mwenye miaka tisa, alikuwa anakaa miguuni kwetu, maana Jumamosi sikuwa na mtu wa kumwachia, na baba yake malaria ilimchukua Neema angali mgongoni. Alikuwa anazisikiliza habari za babu yake kama wenzake wanavyotazama televisheni. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimefika nchi ambayo hakuna aliyenijua, na mzee huyu alikuwa amenijua kwa sauti ya ganda.

Mwezi wa kumi na mbili wakafanya sikukuu yao ya kufunga mwaka. Walikuja wote na familia zao. Nje nyama inachomwa, ndani mashindano, zawadi ni paja la nguruwe la Krismasi limefungwa utepe. Mimi na Mama Odette tulikuwa kwenye vyombo. Alikuwa ananitania kwamba siku wakigawa zawadi kwa kuosha sahani, paja lile tutalipeleka Umbilo. Kona moja waliiwekea watoto, wamepanga makopo matupu, na kijana wa klabu mwenye filimbi amesimama na bunduki ndogo ya upepo. Watoto wamejipanga wanaoneana aibu. Kijana akawauliza, anacheka, chupa ya soda mkononi, nani kati yenu anajua kupiga bunduki.

Mimi nilikuwa ninapita na sinia la sahani. Nikaona mkono wa Neema unapanda. Ulipanda wote, mpaka kwapa likaonekana.

Sasa niwaambie kuhusu Baraka.

Baraka alikuwa mkubwa wake, mtoto wangu wa kwanza. Papa alipokufa ile bunduki ilibaki kwangu, na mimi nilimfundisha Baraka kama nilivyofundishwa, ungo, msumari, pumzi. Kwa nini nisimfundishe? Ndicho kitu pekee nilichokijua vizuri duniani. Alikuwa na jicho kunizidi. Vita vilipofika, askari waliokuwa wakielekea Kinshasa kwa miguu waliwapanga wavulana uwanjani kwa kanisa, wale wa miaka kumi na miwili mpaka kumi na mitano. Sisi mama tulisimama nyuma ya ua wa miti. Hawakuwapiga. Mkubwa wao alikuwa mtu wa kucheka. Aliwauliza tu, nani hapa anajua kupiga bunduki. Watoto wote kimya, wanatazama miguu yao. Mtoto wangu akainua mkono. Aliuinua kama anavyouinua darasani jibu akilijua na wenzake hawalijui. Hata akageuka kunitafuta kwa macho, anataka nione.

"Mimi najua," alisema. "Mama ndiye alinifundisha."

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wale walionyamaza waliambiwa warudi nyumbani. Wengine leo ni baba wa watu, mmoja ana saluni hapohapo Umbilo, ninapita mlangoni kwake, tunasalimiana vizuri. Wangu walimchukua. Mtu mmoja aliniambia alimwona Kisangani amebeba bunduki inayomzidi urefu. Baada ya hapo hakuna mtu aliyeniambia neno.

Ndiyo maana pale Clairwood sahani zilianguka. Kulikuwa na mstari mwekundu kwenye sakafu ambao hata mwenyekiti wao hauvuki mtu akiwa ameshika bunduki. Niliuvuka. Filimbi ikalia, watu wakaweka silaha chini, kila mtu anamtazama mfagiaji. Niliushika mkono wa Neema nikaushusha, na nadhani nilimwumiza.

Anko Siva akaja polepole. Alidhani nimeogopa ugeni. Akaniambia kwa upole, mbele ya watu wote, kwa ile namna yao wanayomwitia kila mama mtu mzima.

"Eish, Ma. Huyu ana jicho lako. Wewe unaijua bunduki kuliko nusu ya watu humu. Mwache apige makopo tu."

Alitaka kuniheshimisha. Hata leo ninajua hivyo. Alikuwa anawaambia wale wenye magari kwamba mwanamke wa fagio ana kitu wao hawana. Na Neema ananitazama kutoka chini, machozi yamejaa, anangoja nikubali, nitaje jina la babu yake.

"Bunduki siijui," nilisema. "Mtoto wangu haijui."

Anko Siva akaanza kucheka, akafungua mdomo anikumbushe kwale. Halafu akauona uso wangu. Akavua miwani, akainama akaanza kuokota vipande vya sahani pamoja na Mama Odette.

Kwenye taxi Neema aliniuliza, basi babu hakuwa mwindaji? Nilitazama dirishani. Sikumjibu siku ile wala siku nyingine, na tangu hapo sikumsimulia tena habari ya Papa. Hata moja. Jumatatu sikurudi kazini. Anko Siva alimtuma Mama Odette aniletee samahani, na mimi sikupata Kiingereza cha kumwambia hakukosea kitu. Nasikia naye amekwisha kufa.

Neema leo ni nesi, ana saa ya kifuani, anatembea kwenye wodi, hospitali nzima inamjua, nalisema kwa sauti kila mtu asikie. Amenizalia wajukuu watatu wanaosema Kizulu kama wenyeji. Tunakaa Glenwood, nyumba ina vyumba, friza imejaa ndagala na sombe na kila kitu tulichokuwa tunakililia mwaka ule. Enzi zetu nyama ilikuwa haba, lakini kila kipande kilikuja na habari yake, nani alikiua, wapi, alisimama vipi. Siku hizi nyama iko, mezani kimya, kila mtu na simu yake. Wajukuu wangu hawajui jina la Papa. Nilimzika mara ya pili kwa mdomo wangu mwenyewe, na kaburi hili nililichimba peke yangu.

Juzi mdogo wao, Grasi, alikuja kunikalia pajani. Ana miaka minane. Alikuwa anapiga watu risasi kwenye mchezo wa simu kwa kidole gumba, anakula chipsi kwa mkono wa pili, anawaangusha kama majani. Neema alikuwa anapasi nguo ya kazi. Grasi akaniuliza bila kuinua macho, Koko, zamani kwenu mlikuwa na bunduki? Wewe ulikuwa unajua kupiga?

Pasi ya Neema ikasimama. Hakugeuka. Alisimama hivyo, mgongo umenielekea, miaka yote hii bado anangoja.

"Bunduki siijui," nilisema. "Mtoto wangu haijui."