Chumvi ya Siku ya Tisa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia mchana kweupe nikiwa nimekaa macho wazi. Huiona kama mtu aonavyo kitu kilicho nyuma ya pazia jembamba. Naona paa la nyumba ya zamani mtaa wa Najma, hapa Doha, shuka zimeanikwa kwenye kamba, na jua limemwagika mpaka hujui kuta zinaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Sufuria ndogo ya wali iko juu ya jiko la gesi, na karibu yake hakuna mtu ila mimi. Siku hiyo nilimkosea rafiki yangu huku nikiamini ninamtendea hisani.

Siku hizi naishi kwa binti yangu huko Al Wukair, nje kidogo ya Doha. Mashine ya baridi huvuma taratibu kutwa, nami husinzia kwenye kochi, nikaamka bila kujua kama ni leo au ni mwaka ule. Binti yangu huniambia, "Baba, umesema peke yako tena." Simwulizi nimesema nini. Najua.

Sasa nakusimulia wewe, kijana wa kwetu, kwa kuwa umefika juzi kutafuta kazi na unalala chumba kimoja na watu wa nchi usizozijua.

Nilikuja huku nikiwa kijana. Kidato cha nne nilimaliza Tanga, na somo nililoliweza kuliko yote lilikuwa jiografia. Ungenitajia nchi, ningekutajia mji wake mkuu, mlima wake na mto wake, nikajiona nimeijua. Kazi yangu ilikuwa kuendesha gari la kubebea shuka na taulo za hoteli kwenda kufuliwa. Chumbani tulikuwa watatu. Mwenzangu mmoja aliitwa Wafula, Mkenya wa Bungoma, mlinzi wa mlangoni, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Wa pili alikuwa Bishnu, kijana wa Nepal, ambaye kazi yake ilikuwa kukunja shuka zile zile nilizozibeba. Nilimzidi miaka mitatu, kwa hiyo aliniita Saidi dai. Dai, kwao, ni kaka. Tuliongea Kiarabu cha kazini kilichochanganywa na Kiingereza cha kuombea maji, na tulielewana. Hapa nakusimulia yote kwa Kiswahili chetu.

Nchi ya Bishnu ilinipendeza kupita kiasi. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana watu wa nyumba ile walikusanyika ukumbini, nami nikasimama kama mwalimu, Bishnu amekaa kando yangu kama ramani ukutani.

"Mnajua kwamba bendera yao haina pembe nne?" nikawauliza. "Ni pembetatu mbili, moja juu ya nyingine. Hakuna nchi nyingine duniani yenye bendera ya namna hiyo. Na saa yao imeitangulia ya hapa kwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Si tatu kamili! Kalenda yao nayo iko mbele ya hii yetu kwa zaidi ya miaka hamsini."

"Ala!" Wafula akadakia. "Kumbe huyu jamaa anatoka kesho kutwa? Bishnu, hebu niambie, buda. Huko mbele nilioa, ama nilizeeka bachela?"

"Ulioa," Bishnu akajibu polepole. "Lakini alikukimbia. Alisema hulali, unaongea tu."

Watu wakaangua kicheko, na Wafula akacheka kuliko wote. Mimi nikaendelea. Mlima mrefu kuliko yote duniani wanauita Sagarmatha. Huko Kathmandu yupo msichana mdogo anayeheshimiwa kama mungu wa kike aliye hai, mpaka atakapokua, kisha hurudi nyumbani kwao awe msichana kama wengine. Na ipo siku katika mwaka ambayo mbwa huvishwa mashada ya maua na kulishwa vizuri, kushukuriwa kwa ulinzi wao.

"Mbwa wetu anaitwa Kale," Bishnu akasema kwa sauti ndogo. "Baba ndiye humvisha. Maua ya manjano. Anayatunga mwenyewe."

"Mmesikia?" nikawaambia watu, nikapita kwenda kwenye ajabu nyingine. Sikumwuliza baba huyo ni mtu wa namna gani, wala vidole vyake vilikuwaje hata viweze kutunga maua. Nilikuwa na haraka ya kumaliza somo.

Baba huyo akafariki. Habari ilikuja asubuhi kwa simu ya duka la chini ya nyumba yetu. Bishnu alikuwa mtoto wa kiume pekee. Kwao marehemu huchomwa mapema, mara nyingi siku ile ile, na mtoto wa kiume ndiye huwasha moto. Wakati ule kibali cha kutoka nchini kilihitaji sahihi ya mwajiri, na mwajiri wake alikuwa safarini. Binamu akauwasha moto ule. Bishnu alisikia kwenye simu kwamba umekwisha kuwaka. Alibaki amekishika kile chombo sikioni muda mrefu baada ya wa upande wa pili kukata.

Kikabaki kitu kimoja tu ambacho angeweza kumfanyia baba yake akiwa mbali, nacho ni zile siku kumi na tatu za matanga. Msimamizi wake alimwacha apumzike asiende kazini. Akanyoa nywele zote mpaka nyusi, akajifunga shuka nyeupe isiyo na mshono, akatandika mkeka sakafuni. Akatuita mimi na Wafula.

"Kaka zangu, kwa siku hizi msiniguse," alisema. "Nitapika mwenyewe, mara moja kwa siku. Wali na samli. Bila chumvi."

Tukaitikia. Ningeweza kumwuliza kwa nini, mwanangu. Alikuwa amekaa mbele yangu, angenieleza. Lakini mimi nilikuwa mjuzi wa Nepal, na mjuzi haulizi.

Unajua kwetu ilivyo. Mfiwa hapiki. Jirani ndiye huleta sufuria, na wanaokuja humkumbatia mwenye msiba, wakamshika mkono na kukaa naye. Siku ya tatu nikapika pilau isiyo na nyama, kwa uangalifu wote, nikampelekea. Akarudi nyuma hatua mbili, akaunganisha viganja vyake, akainamisha kichwa. Nikashuka ngazi na sahani yangu mkononi, nimeumia. Nilihisi amenitenga, nikasahau kwamba aliyefiwa ni yeye.

Siku zikapita kama zinavyopita wakati wa joto kali, hazina kingo. Nilikuwa nikirudi na gari adhuhuri, nikamkuta juu ya paa katikati ya shuka zilizoanikwa, mweupe kati ya vyeupe, hata mara nyingine sikumwona mpaka asogee. Alikonda. Macho yake yakawa makubwa.

Siku ya tisa Wafula akanivuta kando. "Aki huyu msee anaisha, Saidi. Asubuhi nimemwona anashika ukuta kupanda ngazi. Na wewe ndiye kaka yake, ama ni jina tu?"

Maneno yale yakanichoma. Nikapanda juu. Bishnu alikuwa ameshuka kuoga, maana alioga kila siku kabla ya kula. Wali ulikuwa unakaribia kuiva. Jua lilikuwa limesimama juu ya kichwa changu na kila kitu kilikuwa kimya. Nikatoa chumvi niliyokuja nayo, nikaibana kwa vidole vitatu, nikaitia, nikakoroga kwa mwiko, nikafunika. Nikajiambia, ni kidogo, haitajulikana, itampa nguvu. Kisha nikasimama nyuma ya shuka nione anavyokula. Moyo wangu ulikuwa umejaa upendo, mwanangu. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Akaja, maji yakimtiririka mabegani. Hakula kwanza. Alichota wali, akaufinyanga kwa viganja ukawa tonge la mviringo, akaliweka juu ya jani, akanyunyiza ufuta mweusi na maji. Akainama mbele yake akinong'ona kwa muda mrefu, sauti yake ikipanda na kushuka kama mtu anayembembeleza mtoto. Sikuwahi kuliona jambo hilo, maana siku zote nilifika akiwa amemaliza. Alipokwisha, akakaa, akatia wali kinywani.

Akaacha kutafuna.

Hakutema mara moja. Alilitazama lile tonge lililo kwenye jani, kisha sufuria, kisha akanitazama mimi kupitia upenyo wa shuka kana kwamba alijua tangu mwanzo kwamba nipo.

"Nani?" akauliza.

Nikatoka nikicheka. Ndiyo, nilicheka. "Mimi, bwana. Chumvi kidogo tu. Nilikusudia mema. Utakufa hivi hivi na sisi tunakuangalia?"

Hakunipigia kelele. Akalifunika jani kwa mikono yake miwili, akabaki ameinama hivyo, na mabega yakaanza kumtetemeka.

Chini ya nyumba yetu alikuwepo fundi cherehani mzee wa Kinepali, Mzee Hari. Nikamkimbilia nikidhani atakuja kumtuliza kijana wao. Aliposikia, akaizima mashine yake ya kushonea, akanisogezea kiti.

"Kaa," akasema. Nikakaa. "Wewe hufunga Ramadhani."

"Nafunga, mzee."

"Mimi nikikuona adhuhuri midomo imekukauka, nikakushika kidevu nikakumiminia maji, kisha nikasema nimekuonea huruma. Utaniita rafiki?"

Nikatazama vipande vya nguo vilivyotapakaa sakafuni.

"Kwa tulivyofundishwa sisi," akaendelea, "mtu akifa hubaki hana mwili. Mwanawe humtengenezea mwingine wa kusafiria, kwa yale matonge yasiyotiwa chumvi, siku baada ya siku. Siku ya kwanza kichwa. Kisha shingo na mabega, kifua, mgongo, mpaka chini. Unajua leo ni siku ya nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Miguu," akasema. "Na baba wa huyu alikuwa mchukuzi wa mizigo milimani. Bishnu alipokuja huku, mzee yule alimbebea begi siku mbili nzima kwa miguu mpaka basi linapofika. Wewe uliyesoma, hilo hukulijua?"

Sikulijua. Nilijua urefu wa ule mlima, lakini sikumjua mtu aliyeishi kwa kupanda na kushuka chini yake.

Mzee Hari akapanda juu, akakaa mbali kidogo na Bishnu bila kumgusa. Walizungumza kwa lugha yao hadi alasiri. Nilielezwa baadaye kwamba walikubaliana afunge kutwa nzima, aoge tena, na kesho yake afanye la siku ya tisa pamoja na la kumi. Kama lilitosha au halikutosha, hakuna aliyeweza kumwambia. Mzee Hari alikuwa fundi wa nguo tu, hakuwa kuhani, na kuhani wao alikuwa ng'ambo.

Siku kumi na tatu zilipotimia, Bishnu alikuja kitandani kwangu baada ya swala ya alfajiri. Akaniwekea mkono begani. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu msiba.

"Nimemwota baba, dai," akasema.

"Alikuwaje?" nikauliza.

"Alikuwa amekaa. Kando ya njia, kwenye jiwe. Ananitazama tu." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Labda alikuwa anapumzika. Alikuwa mzee."

Akalisema hilo kwa upole, akiniangalia mimi, na nilitambua kwamba yeye aliyefiwa ndiye aliyekuwa akinifariji. Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema nisamehe. Neno lilifika mpaka kwenye meno yangu. Badala yake nikasema, "Unajua nilikusudia mema, Bishnu." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kazini.

Baada ya miezi miwili alihamishiwa Al Rayyan, upande mwingine wa mji, na mwaka uliofuata akarudi kwao. Hatukugombana. Aliniaga vizuri, akaniachia blanketi lake. Sijamwona tena. Nimewauliza Wanepali wengi niliokutana nao katika miaka hii yote, lakini milima yao ni mingi na kina Bishnu ni wengi. Mchana nikisinzia humwona yule mzee nisiyemjua, amekaa kwenye jiwe, na ukungu unapita mbele yake. Sijui kama aliinuka.

Basi nisikilize, mwanangu. Ninyi wa sasa mna simu, na ajabu za kila nchi mnazisoma mkiwa mmelala. Zisome, ni tamu. Lakini usidhani umemjua mtu kwa sababu unaijua bendera yake. Ajabu unayochekea wewe ina mtu ndani yake, na mara nyingi mtu huyo ni baba wa aliyekaa karibu nawe. Mwulize jina lake.

Mwenzako akikwambia usinigusie kitu hiki, usikiguse, hata kama kwenu kukigusa ndiyo mapenzi. Ukimwona anateseka na hujui la kufanya, mwulize, "Nikusaidie nini?" Akijibu hakuna, kaa hapo hapo karibu, mikono yako mapajani. Hilo nalo ni msaada, na ndilo gumu zaidi kwa sisi tuliozoea kuleta sufuria.

Na usije ukajificha nyuma ya maneno niliyojificha mimi. "Nilikusudia mema" si kuomba radhi. Huo ni utetezi, na aliyeumia hana kesi nawe, ana maumivu tu.

Mola akulinde katika kila chumba utakacholala ugenini. Akupe majirani wavumilivu, akupe na wewe subira ya kuwasikiliza. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akufungue ulimi useme "nisamehe" wakati mwenzako bado amesimama mbele yako. Amina.