Grili ya Mama na Njiti Mbili za Kiberiti

Jumatano, tarehe 12 ya mwezi wa tatu mwaka huu, saa nne asubuhi, tulimzika Mama. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na hicho kitu yeye mwenyewe hakuwa na hakika nacho. Watu walisema maneno mazuri kaburini. Mimi sikusema chochote, kwa sababu mbele ya watu sauti yangu hainitoki. Nilisoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi, kisha miaka miwili ya ushoni, basi. Ninachoweza ni kuandika polepole, na ninaandika sasa.

Ninyi wa umri wangu mliokulia Kalemie mnazijua siku zile. Tulikwenda shule miguu peku, daftari ndani ya sashe ya plastiki ili mvua isilifikie, na ambaye minerval yake, yaani karo, haijalipwa alirudishwa nyumbani huku wenzake wakimpungia mkono kwa furaha, maana kesho ilikuwa zamu yao. Tulirudi tukakuta bugali ya mihogo na ndakala, visamaki vilivyokaushwa kwenye mchanga, ukitafuna unasikia mchanga wenyewe ukilia kwenye meno. Jioni tuliruka kamba mpaka vumbi likatufanya wote rangi moja. Simu hatukuwa nazo. Mama alikuwa na sauti, na sauti ile ilikuwa na mtandao mpaka ng'ambo ya mto. Mwito wa kwanza ulikuwa wa kukuarifu. Wa tatu ulikuja na fimbo.

Papa, baba yangu, alifanya kazi ya simenti Kabimba, akirudi kwa mtumbwi wa mota kila miezi mitatu. Baiskeli yake ilibaki nyumbani, imefungwa kitambaa kama mgonjwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mama alishona nyavu za wavuvi zilizopasuka. Kisha paroko wetu akaleta nyuki, na hapo ndipo maisha yetu yalipogeuka.

Kwetu sisi tuliotoka Moba, nyuki ni kazi ya wanaume. Mwanamume anapanda mti, anatundika mzinga wa gogo, anarudi na asali, na mwanamke anapewa kwenye bakuli bila kuuliza ilikotoka. Lakini mizinga ya parokia ilikuwa masanduku ya mbao yanayokaa chini, kwenye mlima nyuma ya mtaa wetu. Kila familia iliyojiandikisha iliazimwa mmoja. Papa alijiandikisha, akarudi Kabimba. Mama akavaa shati lake na suruali yake, akachukua bomba la kupulizia nyuki moshi na kupanda mlima. Alikuwa mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na wanne.

Mzinga ule ulikuwa na vyumba viwili. Sanduku la chini ni la malkia, ndimo anamotaga, na majana, yaani watoto wa nyuki, ndimo wanamolelewa. Sanduku la juu ni la asali tupu. Katikati ya hayo mawili inalazwa grili, wavu wa chuma wenye nafasi nyembamba. Nyuki mfanyakazi anapita, lakini malkia, kwa kuwa ni mnene kifuani, anabaki chini. Ndivyo tulivyofundishwa, na grili zenyewe zilitoka Bulaya, kwa Wazungu, ndani ya makaratasi yake.

Asali yote ilikwenda kwa masista wa zahanati, ambao waliitumia kufunga vidonda. Bidoni ya kwanza ya Mama, dumu zima la asali, ilirudi siku ya tatu. Sista alisema imechacha, na juu yake kunaelea majana meupe. Bidoni za wanaume wengine pia zilirudi, mbili au tatu, lakini hizo hazikusemwa. Jioni ile ile Papa Kalunga, mkubwa wa kikundi cha wafuga nyuki, alikuja kwetu na hakukubali kiti. Alisema nyuki wamekataa mkono wa mwanamke, kila mtu anaona. Mavuno yajayo yakiwa hivyo, masanduku atapewa mwanamume.

Mama akarudi kwenye nyavu zake. Ni lazima mjue kwamba hakuwa na kitu kingine. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa Papa, na nyavu zilikuwa za watu. Masanduku yale mawili yalikuwa ya kuazimwa tu, lakini parokiani pote yaliitwa ya Mama Riziki. Riziki ndiye mimi. Na nitasema ukweli, kwa kuwa sasa hauwezi tena kumuumiza: mimi nilimwomba Mungu yachukuliwe. Shuleni walikuwa wananiita mtoto wa Mama Majana, na nilikuwa na miaka kumi.

Mama alifungua mzinga akamkuta malkia juu, kwenye sanduku la asali. Akamrudisha chini. Baada ya siku tano alikuwa juu tena. Akadhani labda ni malkia wawili, basi akaomba verni, rangi ya kucha, kwa jirani, akamshika malkia kwa vidole vitupu na kumtia doa jekundu mgongoni. Wiki iliyofuata, doa jekundu lilikuwa juu, linatembea kwenye masega kama mwenye nyumba. Mama alikwenda kwa Papa Kalunga kusema grili ina kasoro. Nilikuwa nyuma yake.

"Kitu hii ilitoka Bulaya, mama," Papa Kalunga akamwambia. "Huko hawakoseake. Njo wewe unakosea."

Mama aliamini. Hilo ndilo lililoniuma baadaye. Kwa siku kadhaa alijilaumu mwenyewe, akisema pengine moshi wake ni mwingi, pengine anafungua kwa pupa. Wanaume wale kumi na wanne waliamini vilevile, kila mmoja akijilaumu kimyakimya kwa majana yake, maana nani angesimama mbele ya chuma cha Bulaya na kukiambia kimekosea?

Kisha, alasiri moja, alikuwa amekaa kizingitini anashona wavu. Kidole chake kikasimama ndani ya tundu moja. Akaniita.

"Wavu wa mikebuka mikubwa ukiutia kwa ndakala, unavua nini?"

"Maji, mama."

"Na aliyetengeneza ile grili, alipima nyuki ya nani?"

Akaweka wavu chini. Jioni tulipanda mlima. Nilipuliza moshi, yeye akamtafuta malkia, akamtia ndani ya kisanduku cha kiberiti, kisha akamwachilia juu ya grili mbele ya macho yetu. Malkia alizunguka kidogo. Akainamisha kichwa, akajiminya mara moja, akapita. Mama akacheka mpaka akakaa chini, na nyuki wawili wakamuuma mguuni bila yeye kujali. Nyuki wetu ni wadogo kuliko wa Bulaya, na malkia wetu vilevile. Kwake nafasi zile zilikuwa mlango.

Nafasi inayofaa tuliipata kwa njiti za kiberiti. Kwenye grili ya Bulaya njiti mbili ziliingia zikachezacheza. Mama alijaribu, kati ya vijiti viwili, nafasi ya njiti moja, hata wafanyakazi wakashindwa. Njiti mbili zilizobana bila kucheza ziliwapitisha wafanyakazi, huku malkia akisukuma kichwa, akizunguka, akisukuma tena, asipite. Hapo ikabaki kupata vyuma vilivyonyooka, vyembamba, vinavyolingana.

Mama akaitazama baiskeli ya Papa.

Tulifungua gurudumu la nyuma. Lilikuwa na spoki thelathini na sita, nilizihesabu mimi. Alichukua ubao wa sanduku la sabuni, akakata dirisha katikati, akatoboa matundu kwa msumari uliotiwa motoni, na tukapanga spoki moja baada ya nyingine, mimi nikishika njiti mbili katikati kila mara ili nafasi isipotee. Ilituchukua wiki nzima. Vidole vyangu vilinuka moshi na kutu, na nilipoitwa mtoto wa Mama Majana sikusikia tena, kwa sababu kichwani mwangu kulikuwa na spoki tu.

Tulikosea jambo moja. Majana yaliyokuwa juu yalipoanguliwa, mengine yalitoka madume, na madume ni wanene, hawapiti. Walijaa juu ya grili, wengine wakafa wamekwama. Mama akatoboa sanduku la juu tundu dogo la kutokea, sawa na kidole changu cha mwisho, wakatoka. Kisha tukangoja. Kila asubuhi alichora mstari wa makaa kwenye ukuta wa jikoni. Ilipofika mistari ishirini na tano, hakukuwa na jana hata moja juu.

Papa Kalunga alikuja Jumapili baada ya misa, na wanaume wenzake, na mkokoteni wa kubebea masanduku. Mmoja wao akamwambia Mama asisumbuke kuwasha moshi, nyuki wanakwenda kwa wenyewe. Mama alisema, "Hata nyuki ya kuhama inataka moshi, papa," akawasha.

Alifungua. Akatoa fremu ya kwanza ya juu, sega ndani ya mbao zake, akamkabidhi Papa Kalunga, ambaye aliinyanyua juani. Ilikuwa nyeupe mwanzo mpaka mwisho, imefunikwa nta. Ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Wanaume wakasogea karibu. Papa Kalunga akavunja kipande, akatafuna, akatema nta mkononi na kuitazama muda mrefu.

"Umeua malkia," akasema. "Njo maana hakuna majana."

Mama akanyanyua ile grili ya spoki, akaenda sanduku la chini, akatoa fremu iliyojaa majana, na katikati yake doa jekundu linatembea. Akamshika malkia, akamweka juu ya grili ya Bulaya aliyokuwa amekuja nayo. Malkia akapita. Akamrudisha, akamweka juu ya grili ya spoki. Tuliinama wote kumtazama. Malkia alizunguka spoki zote thelathini na sita na hakupita. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo kwamba basi hata bidoni yake iliyorudi haikuwa kosa lake, na wengine wakaanza kusema vilevile, wote pamoja.

Papa Kalunga alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mwongo. Alivua kofia.

"Mama Riziki," akasema, "utufundishe."

Mkokoteni ulishuka mtupu, na ulipiga kelele kuliko ulipopanda. Mimi niliukimbilia mpaka chini, nikiimba. Mwezi ule, baiskeli nyingi za parokia yetu zilikosa gurudumu la nyuma, na mafundi hawakuelewa wanaume wazima wanatafutia nini spoki kuukuu. Papa aliporudi aliifunua baiskeli yake, akaangalia nyuma, akaangalia Mama, akauliza nani mwizi. Mama akampa asali kwanza. Baadaye Papa mwenyewe alikuwa akisimulia habari ile kwa majirani, kila mara spoki zikiongezeka.

Siku hizi grili zinauzwa za plastiki, na watoto wetu wanazichagua kwenye simu bila kumwona nyuki. Mwanangu Dieudonné ana miaka ishirini na mbili. Anajua majina ya nyuki kwa Kifaransa, ametazama video za watu wa nchi zote wakifungua mizinga, na nyuki mmoja akimkaribia anakimbia na simu yake akiilinda kwanza. Mlima wetu umejaa nyumba. Miti iliyokuwa ikichanua imekwenda na makaa, na nyuki wanafuata maua mbali kuliko zamani. Sisi hatukuwa na kitu, na sisemi kutokuwa na kitu ni kuzuri, maana nilikuwepo na ninajua njaa yake. Ninasema tu kwamba tulitazama kitu mpaka tukakiona. Mama alipokufa alikuwa na mizinga minane, na hakuna hata mmoja ulioitwa wa kuazimwa.

Baada ya matanga kwisha nilipanda na Dieudonné. Katika mzinga wa tatu nyuki walikuwa wamejaa mno, na pembeni mwa masega kulikuwa na vyumba vitatu vya malkia mpya, vinaning'inia kama karanga. Kuwaacha ni kuwapoteza, watahama. Nilimwambia alete sanduku tupu. Tulihamisha fremu nne, zenye majana na chumba kimoja cha malkia, pamoja na nyuki waliozishika. Aliumwa mara mbili shingoni na hakukimbia. Tukafunga kifuniko, tukaweka jiwe juu. Mizinga sasa ni tisa.