Posa ya Konokono

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi, wala si jembe. Nilikuwa nimetoka kwetu Msambweni kwa baiskeli, nimevaa shati langu la Idi, nikidhani kwamba mtunza bustani wa hoteli ya Diani hushinda akinusa maua. Nyapara wetu, Mzee Omari, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni akaniambia nivue viatu. Kisha akanionyesha pipa la chokaa na safu ya minazi iliyokwenda mpaka ufukweni. Kazi yangu ilikuwa kupaka kila shina, kuanzia ardhini hadi usawa wa kiuno.

"Bustani bila chokaa ni kichaka," akaniambia. "Mgeni akishuka garini, la kwanza aone weupe."

Ninyi vijana wa leo huenda hamkumjua nyapara. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa vibarua; asubuhi angeweza kukuandika kazi na adhuhuri akakurudisha kwenu. Mzee Omari hakuwa mkali, ila kwa chokaa hakuwa na mzaha. Aliitaka ile ya mawe ya matumbawe, iliyochomwa tanurini kwa kuni, ikalowekwa na kuchujwa kwa kitambaa kama tui la nazi. Tulipaka minazi, vyungu vya maua, mawe ya kando ya njia na ukuta mzima. Bustani ilimeremeta, nami nilijiona nina sehemu katika uzuri ule.

Sababu nyingine ya kuipenda kazi ile ilikuwa Mwanaisha, binti yake Nyapara, aliyefanya kazi kwa dobi wa hoteli. Kila asubuhi alipita na kapu la mashuka, akasimama kidogo na kunionyesha mahali nilipobakiza doa. Mara nyingine doa lilikuwapo kweli. Mara nyingine nililibakiza makusudi ili asimame. Nilikuwa kibarua tu bado, na nilijiwekea nia kwamba siku nitakapothibitishwa kazini, siku hiyohiyo nitapeleka posa.

Ndipo zikaja zile mvua za El Niño zilizokata barabara na kujaza mashimo yote ya Kwale. Jua liliporudi, tukakuta bustani ina wenyeji wapya. Konokono tuliwajua tangu utotoni, lakini hawa walikuwa wakubwa wa kujaza kiganja, tena wengi. Wengine walisema waliingia na miche ya vyunguni iliyonunuliwa Mombasa. Walikula mipapai michanga, wakala asumini, wakaingia kwenye kitalu, yaani pale tunapokuzia miche kabla ya kuiatika bustanini, wakabakiza vijiti. Wageni waliwakuta mpaka kwenye viatu vyao barazani.

Mwanzo tulihangaika ovyo. Tuliwamwagia chumvi, wakafa wachache, na ukoka wote ukaungua pale chumvi ilipoanguka. Tukawatupa ng'ambo ya ukuta, kwenye nyumba ya jirani, na mtunza bustani wa huko, aliyekuwa na mkono mzuri wa kurusha kuliko sisi, akaturudishia pamoja na wa kwake. Kwa siku kadhaa konokono walikuwa wakiruka juu ya ukuta ule kwenda na kurudi, nasi tukicheka hadi mbavu zikauma.

Meneja Mkuu hakucheka. Alituita sote chini ya kibanda cha vifaa akatuambia kwamba ikiwa wageni wa msimu watafika na kuwakuta konokono, ataikabidhi bustani kwa kampuni ya Mombasa, ije na sumu yake na wafanyakazi wake. Sisi tungefunga virago. Nilimtazama Nyapara, nikaona mara ya kwanza kwamba mikono yake imezeeka.

Aliyetutoa gizani alikuwa Bibi Msimamizi, mkuu mpya wa bustani. Wazazi wake walihamia kutoka bara na kupewa shamba huku Kwale, naye akasomea kilimo. Alitufundisha kwamba kwa konokono hakuna cha jike wala dume. Kila mmoja hutaga, na mayai yake, madogo kama punje za pojo, huyafukia udongoni. Kwa hiyo tulichimbua kandokando ya vyungu na kuyatoa kwa mwiko. Aliuhamisha umwagiliaji kutoka jioni hadi asubuhi, ili usiku ardhi iwe kavu na konokono wasitambe. Jioni tulitandaza magunia yenye maji juu ya maganda ya mapapai; alfajiri tuliyainua na kuwakuta wamejazana. Tuliwaokota kwa mkono uliovikwa mfuko wa plastiki, maana konokono hubeba minyoo isiyofaa kuingia kinywani mwa mtu, na baada ya hapo ni sabuni mpaka viwikoni. Waliingia kwenye ndoo ya maji ya chumvi kali yenye kifuniko, kisha shimoni, mbali na miche.

Tuliwaokota kwa ndoo na ndoo, lakini hawakupungua. Asubuhi moja Bibi Msimamizi akaniita kwenye mnazi wa kando ya baraza.

"Salimu, hebu kuja uone hii kitu," akasema kwa sauti ya chini. "Hizi konokono haziogopi chokaa. Zinaikula. Gamba yao inajengwa na hiyo hiyo. Sisi ndio tunazipikia."

Nikainama. Konokono sita au saba walikuwa wamegandama kwenye ile nyeupe niliyoipaka kwa mkono wangu, na nyuma ya kila mmoja palikuwa na njia iliyokwanguliwa hadi kwenye gome. Tulikwenda kwenye ukuta, hali ni hiyohiyo. Walikuwa wakilala kwenye nyufa za matumbawe mchana na kula chokaa usiku. Ilibidi yote isuguliwe itoke.

Bibi Msimamizi alikuwa ameshajaribu kumwambia Nyapara. Mzee alimjibu kwa adabu kwamba chokaa ilikuwapo kabla yeye hajazaliwa, akaenda zake. Bibi angeweza kumwamuru, lakini hakutaka kumvunjia heshima mbele ya vibarua. "Si wewe mnasikizana na yeye," akaniambia. "Mwambie."

Jamani, nilibanwa. Nikinyamaza, kazi inakwenda, yangu na ya wenzangu, na pasipo kazi hakuna posa. Nikisema, nitakuwa nimemwambia baba yake Mwanaisha kwamba kazi aliyoionea fahari maisha yake yote ndiyo inayolisha konokono. Kijana gani atamka maneno hayo kwa mtu anayetaka kumwita mkwe? Mwanaisha alipita na kapu lake, akanionyesha doa, nami nikashindwa hata kutabasamu.

Basi nikafanya kama tunavyofanya sisi watu wa pwani jambo likiwa zito: nikatafuta wa kunisemea. Nilikwenda kwa Mzee Kombo, fundi cherehani wa Ukunda, mtu mwenye ulimi laini aliyekuwa mshenga wa nusu ya ndoa za mtaa ule. Nilimwomba aende kwa Nyapara anifikishie habari ya chokaa, taratibu, bila kumkwaza. Akakubali, akavaa kanzu, akaenda baada ya sala ya alasiri. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, sijui niseme vipi.

Mimi sikuwapo. Nahadithia niliyosimuliwa na Mzee Kombo, na Mwanaisha aliyekuwa nyuma ya pazia. Mshenga anayejulikana mji mzima akipiga hodi kwako amevaa kanzu, nawe una binti wa kuolewa, utafikiri nini? Kahawa ililetwa upesi, na halua ikafuata. Walijuliana hali, wakaulizana habari za mvua na za wagonjwa, kisha Mzee Kombo akakohoa kidogo.

"Nimetumwa na Salimu," akasema. "Ni habari ya bustani. Kuna kitu cheupe humo, kizuri, nawe umekitunza kwa miaka. Lakini sasa kinavuta wengi."

Washenga wetu, kama mjuavyo, hawamtaji binti kwa jina. Husema wameona ua bustanini. Na Mwanaisha, mashaallah, ni mweupe. Nyapara akaweka kikombe chini.

"Tumeliona zamani, na tumekwisha kushauriana," akajibu. "Mama yake hana neno. Mwenyewe alipoulizwa alinyamaza akitabasamu. Mwambie Salimu tumekubali."

Mzee Kombo alisema kwamba katika ushenga wake wote hajapata kukubaliwa kabla ya kuomba. Angeweza kunyamaza akaondoka na heri yake. Lakini alikuwa mtu mwaminifu. Akamshukuru Mungu, kisha akasema kwamba hilo silo lililomleta, akaeleza habari yote ya konokono na chokaa, na jinsi nilivyoogopa kuisema mwenyewe.

Nyuma ya pazia mama yake Mwanaisha akaangua kicheko, akajaribu kukizuia, kikamshinda. Nyapara akaizungusha kofia yake mikononi.

"Kijana aliyetafuta mshenga asije akaniudhi kwa konokono," akasema, "hatamuudhi mwanangu. Mwambie kesho aje na brashi ya chuma."

Kesho yake alinitangulia. Shina la kwanza alilisugua mwenyewe, na nilipoona chokaa ikidondoka miguuni mwake niliumia moyo. La pili tulilisugua pamoja. Ilipofika adhuhuri alikuwa akinitania mbele ya wenzangu. Kipande kimoja cha ubao alikipaka chokaa kiwe chambo, akakiegemeza pembeni karibu na gunia lenye maji, na kila alfajiri tukawakuta walafi wamekizunguka. Wageni wa msimu walipofika, konokono walikuwa wa kuhesabika, na kampuni ya Mombasa haikuonekana. Mimi nilithibitishwa kazini, na harusi yetu iliimbwa mpaka wapishi wa hoteli wakaacha masufuria yao.

Baadaye nilihamia nyumba za wageni za kule Galu, nikawa nyapara mimi, kisha msimamizi. Nimefanya kazi chini ya mameneja wengi, wapole na wenye hasira. Chumvi sikuigusa tena, wala sikurusha kitu juu ya ukuta wa jirani. Kila nilipotakiwa kumrekebisha aliyenizidi umri, nilikumbuka kwamba maneno ya kweli nayo yana mlango wake wa kuingilia.

Sasa nimestaafu, nina bustani yangu ndogo na konokono wangu wachache. Mwaka huu, mke wangu amekaa akanikumbusha kwamba mimi sijampa posa yeye kamwe, nilipeleka posa ya konokono. Sasa nina nafasi, akasema, nifanye kama watu. Basi nikamfuata Mzee Kombo, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, akavaa kanzu, akapiga hodi kwenye mlango wangu mwenyewe baada ya alasiri. Mimi nilitolewa nje. Alikunywa kahawa, akala halua, akaomba kwa maneno yote yanayostahili, tena kwa kumtaja jina asije akakosewa tena.

Mwanaisha amemjibu kwamba atafikiri. Wiki ya pili hii, bado nangoja.