Fimbo ya Mjomba na Dira ya Simu Yangu

Mwalimu wetu wa historia alipotuambia kwamba mafundi wa Misri ya kale walizielekeza piramidi kaskazini bila dira, na kwamba huenda walifuata nyota au kivuli cha jua, mimi nikauliza walikuwa na bando la mtandao wa nani. Darasa likacheka. Nikatolewa nje.

Likizo ilipofika nikaenda Kipungani kwa bibi yangu. Mjomba, mwashi wa mawe kutoka Langoni, alikuwa huko akijenga chumba cha kusalia wanawake. Safu ya kwanza ya mawe ilikuwa imeshalazwa. Asubuhi moja nilimpelekea chai, nikatoa simu, nikafungua dira na kuiweka juu ya mawe.

“Mjomba! Mabibi hawa watasali kuelekea Mogadishu!”

Nilitaka kuchekesha tu. Lakini mzee wa kamati ya msikiti alikuwa papo hapo, na hakucheka hata kidogo. Akaiangalia simu, akamgeukia mjomba.

“Bwana fundi, kama kibla si sawa, msingi huu ubomolewe. Na tutatafuta mwashi mwingine.”

Miaka yote ile ya kujenga, na jina lake liharibiwe na mzaha wangu!

Mjomba akamaliza chai yake kwanza. “Yuwa halina betri,” akasema, akilinyooshea jua kidole. “Leta fimbo.”

Akaisimika wima mchangani, akachora duara kuizunguka. Kivuli kikafupika polepole, na ncha yake ilipogusa duara akaweka kokoto.

“Sasa?” nikauliza.

“Sasa ngoja. Na ufunge mdomo, ukiweza.”

Sikuweza. Wanawake waliokuwa wakisuka mikeka ya chumba hicho hicho walinipata vizuri: “Bi Dira, hebu tuulizie simu yako, chakula kitaiva saa ngapi?”

Alasiri kivuli kikarefuka upande wa pili, kikagusa duara tena. Kokoto ya pili. Mjomba akanishikisha kamba tukaunganisha kokoto zote mbili: hiyo ikawa mashariki na magharibi. Kutoka katikati yake akavuta kamba nyingine, ndefu, ikapita kwenye fimbo hadi ng'ambo: kaskazini. Makka, ukiwa kwetu, iko karibu kaskazini kabisa. Akaisogeza ncha ya kamba shubiri moja tu upande wa magharibi, basi.

Kamba na ukuta wa ubavuni vikalala sambamba kama reli. Nikapita mara mbili nikitafuta kasoro. Hakuna.

“Na hii?” mzee akauliza, akinyooshea simu yangu kidole.

Mjomba akaivua simu kava lake, lile la kujifunga kwa sumaku. Dira ikazunguka, ikatulia sambamba na ukuta.

Mzee akacheka hadi kofia ikamvuka. “Basi libomolewe kava. Bwana fundi, endelea na kazi.”

Siku hiyo nilibeba mawe hadi mikono ikachubuka, na kila aliyepita nilimwambia, bila kuulizwa, kwamba mwashi yule ni mjomba wangu.

Shule ilipofunguliwa nikanyoosha mkono. “Mwalimu, wale Wamisri walijitahidi. Wanamkaribia mjomba wangu.”

Akanisikiliza nikieleza habari ya kivuli mpaka mwisho, kisha akanitoa nje tena. Safari hii darasa zima lilinifuata kutafuta kaskazini kwa kivuli, na fimbo ya mjomba nilikuwa nayo mimi.