Mgomba Uliozikwa Ijumbi

Tarehe 9 Februari 2023, mafundi raia sita walipanda gari moja kwenda kutengeneza jenereta za kambi ya jeshi nchini Somalia. Hawakuwa askari; hawakuwa na bunduki wala kofia za chuma. Bomu lililotegwa barabarani lilipolipuka, wakala aliyewaajiri alihesabu viti vya gari, si miili, akapiga simu Ijumbi, wilayani Muleba: "Wote sita wamekufa."

Rutaihwa hakufa. Alirushwa nje, akaokotwa na watu wenye silaha waliomdhania askari, wakamfungia miezi minane. Alipoachiwa na kufika nyumbani, mama yake, Ma Kemilembe, alimtazama kupitia dirisha, kisha akalifunga dirisha taratibu.

"Mama, ni mimi."

Aliyetokea ni baba yake mdogo, Rugaibula, na jembe mkononi.

"Simama hapo hapo, waitu, mtu wetu. Wewe tulishakuzika."

"Mlizika nini, nami niko hapa?"

"Mgomba. Maiti haikuja, tukauzika badala yako, kama desturi inavyotaka. Tukalia, tukanyoa nywele, tukamaliza kwa rubisi, pombe ya ndizi. Sasa ni marehemu gani huyu anayekuja kudai chakula cha mchana?" Alicheka, lakini hakusogea. "Ufukue kwa mkono wako. Usipofanya hivyo, mama yako hatakuitikia mpaka anaingia kaburini."

Kaburi lilikuwa kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, nyuma ya mibuni. Juu yake ulisimama mgomba mbichi, shina lake likimfika Rutaihwa utosini sawasawa.

"Vijana waliukata pamoja na mizizi," Rugaibula alinong'ona. "Ukachipua. Hakuna aliyethubutu kuugusa."

Rutaihwa alichimba. Kadiri shimo lilivyozidi kwenda chini, ndivyo udongo ulivyozidi kunuka dizeli. Alitazama mikono yake. Ilikuwa na udongo tu. Rugaibula naye aliisikia harufu ile, akaziba pua.

Mgomba ulipoanguka, sauti ilipasuka kutoka ndani ya nyumba:

"Rutaihwa! Mwanangu, umefika?"

"Nimefika, Mama!"

Alikuwa akigeuka aondoke alipoyaona machipukizi ukingoni mwa shimo, matano, yamesimama karibu karibu kama watu waliobanana garini. Rugaibula aliinua jembe. Rutaihwa alidaka mpini.

"Hao waache, Ta Rugaibula. Wenzangu hawakuzikwa popote."

Mzee aliyatazama machipukizi, akamtazama kijana, akashusha jembe.

Kati ya mafundi sita alibaki mmoja, Rutaihwa, aliyeingia ndani akala. Kibanjani yalibaki machipukizi matano.